Kurasa Sita Kutoka Mulago: Rekodi za Denis Burkitt na Saratani Iliyochukua Jina Lake

Mwaka 1958 zilichapishwa makala mbili ambazo mwanafunzi yeyote wa saratani hana budi kukutana nazo. Moja ilitoka Marekani, katika jarida la wanatakwimu. Humo Edward Kaplan na Paul Meier walieleza namna ya kukadiria uhai wa wagonjwa hata kama baadhi yao wametoweka kwenye daftari kabla utafiti haujaisha. Jarida la Nature lilipoorodhesha mwaka 2014 makala 100 zilizonukuliwa kuliko zote katika historia ya sayansi, hiyo ilikuwamo katika ishirini za mwanzo, ikiwa na nukuu makumi ya maelfu.

Nyingine ilitoka Kampala. Ilikuwa na kurasa sita, mwandishi mmoja na watoto 38 wenye uvimbe wa taya. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, aliipeleka kwenye British Journal of Surgery, ikachapishwa, ikakaa kimya. Kwa hesabu ya nukuu, haiwezi hata kuikaribia ile ya Marekani.

Siku hizi mtafiti hupimwa kwa hesabu hiyo, kama mfungaji bora wa ligi. Kipimo hicho kinafaa kwa zana zinazotumiwa na kila mtu, na makala ya Kaplan na Meier ni zana ya namna hiyo. Lakini kuna maandishi ambayo nguvu yake haikai ndani yake; inakaa katika mambo ambayo wengine waliyafanya baada ya kuyasoma. Kwa kipimo hicho cha pili, sioni kurasa sita za karne iliyopita, katika fani nzima ya saratani, zilizozaa rekodi nyingi kama hizi za Mulago. Nimezipanga hapa rekodi hizo kwa kufuata jinsi moja ilivyoizaa nyingine.

Mwanzo usiotarajiwa kuliko yote: busha

Burkitt alizaliwa mwaka 1911 Enniskillen, Ireland. Akiwa na miaka 11 alipigwa jiwe na kupoteza jicho moja. Jicho hilo lilimfanya akataliwe alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni mara ya kwanza. Baada ya vita kuu ya pili alikubaliwa, na mwaka 1946 akapelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda.

Huko Lira alipasua mabusha mengi. Daktari mwingine angehesabu upasuaji na kuendelea na kazi. Burkitt aliuliza wagonjwa wake wanatoka wapi, akagundua kwamba upande wa mashariki wa wilaya busha lilikuwa la kawaida na upande wa magharibi lilikuwa nadra. Hakuwa na maelezo. Sababu, yaani minyoo ya matende na mabusha inayobebwa na mbu, ilikuja kumwingia akilini baadaye. Makala yake kuhusu busha ilitoka katika The Lancet mwaka 1951.

Nimeianza orodha hapa kwa makusudi. Watu wengi huanza hadithi ya Burkitt na mtoto mwenye taya lililovimba, kisha humwita mtu mwenye bahati. Ukianza na busha la Lira unaona kwamba tayari alikuwa na zoea la kuuliza "wapi" kabla ya kuuliza "nini".

Makala iliyopuuzwa kuliko zote

Mwaka 1957 Hugh Trowell, daktari wa Mulago aliyekwisha kupata sifa kwa kazi yake juu ya kwashakoo, alimwita Burkitt amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Taya zake zilikuwa zimevimba pembe zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Jambo hilo halikumwingia Burkitt akilini: usaha wa jino hauvimbishi pembe nne kwa pamoja, na saratani aliyoijua haifanyi hivyo pia. Alimpiga mtoto picha. Wiki chache baadaye, katika hospitali ya Jinja, alitazama nje ya dirisha akaona mtoto mwingine mwenye sura ileile. Akatoka na kumpima, akakuta uvimbe hata tumboni.

Aliporudi Mulago alifukua mafaili. Watoto wa namna hiyo walikuwamo kwa wingi, lakini kila mmoja alikuwa ameandikiwa jina tofauti kulingana na kiungo kilichovimba: huyu saratani ya taya, yule ya figo, yule ya jicho, yule ya ovari. Burkitt aliyaunganisha yote kuwa ugonjwa mmoja, na hilo ndilo jambo jipya lililokuwa katika zile kurasa sita.

Kwa nini makala ilipuuzwa? Iliandikwa kwa wapasuaji wa Uingereza, ambao wasingemwona mgonjwa wa aina hiyo maisha yao yote. Tena iliuita uvimbe huo sarkoma, jina lisilo sahihi. Waliosahihisha ni wanapatholojia wa Kampala, Greg O'Conor na Jack Davies, walioonyesha mwaka 1960 na 1961 kwamba hiyo ni limfoma, saratani ya chembe nyeupe za kinga, na kwamba ilichukua karibu nusu ya saratani zote za watoto walizoziona. Baada yao Dennis Wright aliieleza chini ya hadubini kwa undani zaidi kuliko yeyote kabla yake. Bila hao watatu, Burkitt angebaki na picha za kutisha na dhana.

Kumbukumbu ya zamani kuliko zote

Ni fupi, lakini siwezi kuiacha. Hospitali ya misheni ya Mengo, ng'ambo ya pili ya mji, ilianzishwa na Albert Cook mwaka 1897, na Cook alikuwa mtu wa kuandika kila kitu. Jack Davies na wenzake walipoyapitia mafaili ya Mengo na kuyachapisha mwaka 1964, ilidhihirika kwamba watoto wenye taya zilizovimba walikuwamo tangu miaka ile ya mwanzo. Ugonjwa "mpya" ulikuwa umeandikwa kwa wino nusu karne kabla ya kupewa jina. Ukiona hospitali inachoma mafaili ya zamani ili ipate nafasi ya kabati, ikumbushe Mengo.

Ruzuku ndogo, safari ndefu

Fedha ya kwanza ya utafiti aliyoipata Burkitt kutoka serikalini ilikuwa pauni 25. Alizitumia kuchapisha vipeperushi vyenye picha, zaidi ya elfu moja, akavituma kwa posta katika hospitali za serikali na za misheni kote Afrika akiuliza swali moja: je, mmewahi kumwona mtoto wa namna hii? Majibu yalipofika alichoma pini kwenye ramani iliyokuwa ukutani ofisini kwake.

Pini zilifanya mkanda uliolizunguka bara katikati, nyuzi kumi au kumi na tano juu na chini ya ikweta, kisha mkanda huo ukashusha mkia kando ya pwani ya mashariki hadi Msumbiji. Mkia huo ndio uliomnyima usingizi. Kuna kitu kilichoukata ukingo wake, na hakuna posta ambayo ingekionyesha. Ilibidi aende.

Tarehe 7 Oktoba 1961 aliondoka Kampala na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams wa hospitali ya Kuluva huko West Nile, Uganda, na Cliff Nelson kutoka Kanada, katika gari la Ford lililokwisha kutumika. Walikwenda kusini kupitia Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia hadi Afrika Kusini, wakarudi. Wiki kumi, maili 10,000 (kilomita 16,000), hospitali zaidi ya 50. Gharama yote haikufika pauni 700.

Je, hii ni safari ya utafiti wa saratani yenye faida kubwa kuliko zote kwa kila pauni iliyotumika? Sijaona inayoishinda. Na tusiifanye ya ushujaa kupita kiasi: hawakupasua mtu wala kukusanya damu. Waliingia wodini, wakawaonyesha madaktari na wauguzi picha, wakauliza kama wamewaona watoto hao, wangapi, kutoka vijiji gani.

Ramani iliyofaa hata ilipokosea

Safari ilionyesha kwamba ukingo si wa kushoto na kulia tu, ni wa juu na chini pia. Karibu na ikweta ugonjwa ulikoma kwenye kimo cha futi 5,000 hivi, sawa na mita 1,500. Kadiri walivyokwenda kusini, kimo hicho kilishuka. Kama ni urefu wa mlima wenyewe unaozuia ugonjwa, kwa nini kimo kibadilike? Kinachobadilika pamoja na kimo na latitudo ni joto. Mahali ambapo usiku wa baridi hushuka chini ya nyuzi 15 au 16 za Selsiasi, watoto hawakuwa na ugonjwa huu. Nyanda za juu za Rwanda, Burundi na Kenya zilibaki bila pini, na penye mvua haba pia hapakuwa na kitu.

Alexander Haddow, mkuu wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe na mmoja wa wale waliotangaza virusi vya Zika mwaka 1952, aliitazama ramani hiyo akaitambua: ni ramani ya magonjwa yanayobebwa na mbu. Saratani inayoenezwa na mbu! Hapo ndipo dunia iliposhtuka. Burkitt aliandika hayo mwaka 1962, na dhana ikawa kwamba mbu anabeba virusi vya saratani.

Dhana hiyo haikuwa sahihi. Mbu alihusika, lakini kwa mlango mwingine, na virusi vilikuwapo, lakini havikubebwa na mbu. Lakini kosa hilo liliwafanya watu watafute virusi kwa bidii, na wakavipata.

Virusi vya kwanza vya saratani ya binadamu

Tarehe 22 Machi 1961, kabla ya safari ya gari, Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex jijini London. Mmoja wa waliokaa kusikiliza alikuwa Anthony Epstein, mtafiti aliyekuwa akichunguza virusi vya saratani ya kuku. Akasikia neno "hali ya hewa" likitajwa pamoja na saratani. Kabla mhadhara haujaisha alikwisha kuamua kuacha kuku.

Wakapatana: Burkitt apeleke vipande vya uvimbe kwa ndege ya usiku kutoka Uganda, Epstein avitazame kwa hadubini ya elektroni. Kwa zaidi ya miaka miwili hakuona kitu. Kilichomwokoa ni ruzuku ya dola 45,000 kutoka Marekani, iliyomwezesha kuwaajiri Yvonne Barr na Bert Achong, na ukungu. Tarehe 5 Desemba 1963 ndege haikuweza kutua London, ikapelekwa Manchester. Kipande kilipofika kilikuwa kimechelewa sana na maji yake yalikuwa na utusitusi. Mtu mwingine angekitupa akidhani kimeingia bakteria. Epstein alitazama tone lake chini ya hadubini ya kawaida akakuta chembe hai za saratani zinaelea zenyewe. Alipoziotesha katika maji ya lishe, zikakubali kukua.

Februari 1964 aliona ndani ya chembe hizo virusi vya jamii ya herpesi. Makala ya Epstein, Achong na Barr ilitoka katika The Lancet tarehe 28 Machi 1964. Virusi hivyo, vinavyoitwa Epstein-Barr, ndivyo vya kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Jina la Achong, mzaliwa wa Trinidad aliyekuwa bingwa wa hadubini, halimo. Chembe zilizooteshwa ziliandikwa kwa herufi za majina mawili tu, na virusi vikarithi herufi hizo.

Kisha ikaja fedheha ndogo ya kisayansi: virusi hivi vinao karibu watu wote duniani. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima wanavyo na hawajui. Sasa saratani ya watoto wa mkanda mmoja wa Afrika inasababishwaje na kitu ambacho hata profesa wa Stockholm anacho?

Ili kujibu, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilifanya utafiti ambao naamini una nafasi yake katika orodha ya rekodi za uvumilivu. Kuanzia mwaka 1972 walichukua damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile, wakaihifadhi, wakasubiri. Kati ya watoto hao wote, waliougua na damu yao ikawa imekwisha kuhifadhiwa kabla ya ugonjwa walikuwa 14 tu wakati makala ilipochapishwa katika Nature mwaka 1978. Lakini walitosha kuonyesha kwamba miaka kadhaa kabla ya uvimbe, damu yao ilikuwa na kinga dhidi ya virusi kwa kiwango cha juu kuliko cha wenzao. Mwaka 1997 IARC iliviweka rasmi virusi vya Epstein-Barr katika kundi la visababishi vya saratani visivyo na shaka.

Urithi wa ugunduzi huu unafika mbali. Kijana mmoja Mjerumani aliyejifunza kazi katika maabara ya Philadelphia iliyokuwa ikichunguza virusi hivi, Harald zur Hausen, alionyesha mwaka 1970 kwamba vinasaba vya virusi vimo ndani ya uvimbe wa Burkitt. Akatoka hapo na fikra kwamba saratani ya mlango wa kizazi nayo ina virusi vyake, akavikamata, na mwaka 2008 akapata Tuzo ya Nobel. Chanjo ya virusi hivyo (HPV) ambayo wasichana wa Rwanda walianza kuchomwa mwaka 2011, na wa Tanzania nchi nzima mwaka 2018, inatoka katika ukoo huo. Burkitt hakupata Nobel, wala Epstein, ambaye alifariki mwaka 2024 akiwa na miaka 102.

Inayokua haraka kuliko zote, na tiba fupi kuliko zote

Hakuna uvimbe wa binadamu unaojulikana kukua haraka kama wa Burkitt. Karibu kila chembe yake iko katika kujigawa, na unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mtoto aliyekuwa na jino linalocheza Jumatatu anaweza kuwa na uso usiotambulika wiki mbili baadaye.

Kampala ya mwaka 1960 haikuwa na mashine ya mionzi. Kukata taya kulimharibu mtoto sura bila kumponya. Zilibaki dawa, na wakati huo madaktari wengi wa Ulaya na Marekani walizidharau dawa za saratani. Waliona ni sumu ya kurefusha mateso. Watafiti wa New York, Joseph Burchenal na Herbert Oettgen, walileta methotreksati. Burkitt na Peter Clifford, aliyekuwa Nairobi, walijaribu dawa nyingine pia, ikiwamo siklofosfamidi.

Kasi ile inayoua ndiyo iliyoufanya uvimbe uwe dhaifu, maana dawa hizi hukamata chembe zinapojigawa. Taya zilinywea kwa siku chache. Familia nyingi hazikuweza kukaa Mulago wiki nyingi, kwa hiyo baadhi ya watoto walirudi vijijini baada ya dozi moja au mbili. Madaktari walitarajia kusikia habari za misiba. Walipowafuatilia baadaye, wakawakuta baadhi yao wazima, miaka imepita. Makala ya Burkitt ya mwaka 1967 katika jarida la Cancer inahusu watoto hao: waliopona kwa muda mrefu kwa dozi moja au mbili. Kusema kweli, hii ndiyo rekodi ninayoiheshimu kuliko zote. Katika miaka ambayo neno "kupona" halikutamkwa kirahisi kwenye wodi za saratani za London, lilikuwa linatokea Kampala kwa sindano moja.

Mwaka huohuo, kwa msaada wa taasisi ya saratani ya Marekani, Mulago ilifungua kituo cha kutibu limfoma kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Mmarekani John Ziegler. Mwaka 1972 Tuzo ya Lasker ilitolewa kwa kundi la waanzilishi wa tiba ya saratani kwa dawa, wakiwamo Burkitt, Ziegler na Mkameruni Victor Anomah Ngu, aliyeutibu ugonjwa huo huko Ibadan. Wamarekani walipoondoka wakati wa utawala wa Idi Amin, Charles Olweny, daktari wa Uganda, aliichukua taasisi akaiendesha, na makala ziliendelea kutoka Kampala katika miaka ambayo hata sabuni ilikuwa ya kutafuta.

Jeni iliyohamia mahali pasipo pake

Mwaka 1972 Manolov na Manolova, mume na mke kutoka Bulgaria waliokuwa Sweden, waliona kwamba katika chembe za Burkitt kromosomu ya 14 imerefuka. Miaka michache baadaye ilijulikana kipande hicho kimekatika kutoka kromosomu ya 8. Mwaka 1982 maabara za Marekani zilionyesha kilichohama: jeni iitwayo MYC, inayoamrisha chembe igawanyike, imewekwa jirani na jeni za kutengeneza kinga ambazo hazizimwi kamwe. Ndiyo sababu ya ile kasi. Leo MYC ni mojawapo ya jeni zinazochunguzwa sana katika saratani za aina nyingi, za watu wazima na watoto, na kuhama kwake katika saratani ya binadamu kulionekana kwanza katika uvimbe uliokuwa kwenye pini za ramani ya Kampala.

Swali lililosubiri kuliko yote

Mbu naye? Tangu katikati ya miaka ya 1960 ilisemwa kwamba kinachofuata ramani ni malaria kali ya mwaka mzima: inachosha kinga ya mtoto na kuzichochea chembe zenye virusi zijigawe ovyo. Ushahidi wa mapema ulitoka kwetu. Unguja na Pemba zina joto na mvua ya kutosha, zilipaswa kuwa na wagonjwa wengi, lakini walikuwa nadra. Huko malaria ilikuwa imepigwa vita mapema. Mwaka 1970 Mganda G. W. Kafuko na Burkitt walilinganisha ramani za malaria na za limfoma, zikalandana.

Jaribio la wazi lilifanyika Mara, kaskazini mwa Tanzania, kuanzia mwaka 1977, hospitali ya Shirati ikiwa kitovu chake. Watoto walipewa klorokwini kwa miaka mitano. Malaria ilipungua mwanzoni tu, kisha dawa ikaanza kushindwa. Limfoma ilipungua, lakini ilikuwa imeanza kupungua hata kabla ya vidonge. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1989 yalielekea upande wa malaria bila kufunga mjadala. Mwaka 2012 IARC iliiweka malaria ya falsiparamu katika kundi la "yaelekea inasababisha saratani". Miaka hamsini na mmoja baada ya gari lile la Ford, neno lilikuwa bado ni "yaelekea". Wapo pia wanaoutuhumu utomvu wa mnyaa, ule wa ua wa nyumba, kwamba huviamsha virusi. Maabara inaunga mkono, vijijini ushahidi ni mwembamba.

Madai yaliyobishaniwa kuliko yote: choo

Burkitt alirudi Uingereza mwaka 1966, na hapo akaanza maisha ya pili ambayo yalimpa umaarufu mkubwa kuliko ya kwanza. Alirudia swali lake la "wapi". Saratani ya utumbo mpana, kidole tumbo, bawasiri: kwa nini zimejaa London na hazionekani Mulago? Akajibu: makapi ya chakula. Katika The Lancet mwaka 1972, yeye, Walker na Painter waliripoti kwamba wanakijiji wa Uganda walitoa choo cha wastani wa gramu 470 hivi kwa siku, na chakula kilipita tumboni kwa saa kama 36. Mabaharia wa Uingereza na wake zao walitoa gramu 100 hivi, na safari ilichukua zaidi ya siku tatu. Mihadhara yake ilikuwa na slaidi za vinyesi alivyovipiga picha porini. Trowell, yuleyule aliyemwita wodini mwaka 1957, akawa mshirika wake katika vitabu.

Hapa sayansi haikumpa ushindi wa moja kwa moja. Utafiti wa wauguzi wa Marekani wa mwaka 1999, wenye wanawake zaidi ya 88,000, haukuona kinga yoyote ya makapi dhidi ya saratani ya utumbo. Mwaka 2003 utafiti wa Ulaya wenye watu zaidi ya nusu milioni ukaiona. Leo nafaka isiyokobolewa inakubalika kupunguza hatari hiyo, ila si kwa ukubwa aliouhubiri Burkitt, na maisha ya kijijini yana tofauti nyingine nyingi zaidi ya ugali wa dona. Kwa maoni yangu alipenda mno sababu moja. Lakini kifungua kinywa cha mamilioni kilibadilika kwa sababu yake, jambo ambalo watafiti wachache wa saratani wanaweza kulidai.

Alifariki mwaka 1993. Ugonjwa wenye jina lake sasa huponywa kwa karibu watoto tisa kati ya kumi katika nchi tajiri. Katika ukanda uleule wa pini zake, waliopo hai baada ya matibabu ni nusu au pungufu, kwa sababu dawa hukatika, nauli hukosekana na watoto hufikishwa wakiwa wamechelewa. Sehemu ya uchelewaji huanzia kwenye jino: mtoto wa miaka mitano jino linacheza kabla ya wakati wake, ufizi unavimba, anang'olewa, anapewa dawa ya usaha, mwezi unapita. Kwa hiyo mzazi wa kando ya Ziwa Victoria, wa pwani, wa West Nile au wa Kongo: taya la mtoto likivimba, meno yakilegea yenyewe au jicho likianza kutokeza, usingoje wiki ya pili. Mpeleke hospitali kubwa, na uliza kwa sauti kama wamefikiria limfoma ya Burkitt.